Nisaidie Nimpende

Jumatatu, 6 Oktoba

...lakini hapana, sitachoka kuliandika. Mume wangu. Mume wangu! Juzi nilijaza ukurasa mzima na leo naendelea pale pale nilipoishia. Wenzangu kazini wanasema itapita, ngoja mwaka uishe, utakuwa unamwita "yule". Thubutu!

Asubuhi nimefumbua macho nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ananitazama. Nikamuuliza unatazama nini. Akasema, "Nakagua kama hakuna panapovuja." Fundi bomba wangu huyo! Nimecheka hadi nikapaliwa na mate.

Vyumba vyetu ni viwili tu, na bafu dogo lenye mlango wa mbao unaokwama. Ukitaka kufungua kabati lazima kwanza ufunge mlango wa chumba. Lakini kila jioni, tukishaosha vyombo, tunapiga magoti kando ya kochi, vidole vyangu ndani ya vidole vyake, tunasali. Hiki ndicho nilichokuwa nakiota tangu kidato cha tatu! Wenzangu waliota gari na maua. Mimi niliota mwanamume wa kupiga naye magoti. Yeye ndiye anayesema — ana sauti nzuri, ya chini, unaweza kuilalia kama mto — tunakushukuru, utulinde, utubariki — na mimi naitika amina. Zamani nilikuwa na sala yangu mwenyewe ya asubuhi, nusu nimelala nusu niko macho. Siku hizi nimeiacha. Ya nini? Si tumekuwa mwili mmoja? Basi na sala iwe moja.

Jana Baba alipiga simu, kama kila Jumapili. Tukazungumza goti lake, kuku wa jirani yake, kisha goti tena. Mkwewe hakumuulizia. Kabla ya harusi alikuwa akimwita "Bwana Mabomba". Sasa hamwiti chochote. Nimemwambia mume wangu lazima twende tukamwone mzee, yuko peke yake tangu Mama afariki. Akasema tutakwenda, tutakwenda. Ndivyo anavyosema kila siku.

Jumatano, 8 Oktoba

Nina wasiwasi. Mume wangu anaumwa tumbo na ananificha.

Jana alfajiri aliingia bafuni akakaa, akakaa. Leo tena. Maji hayamwagiki, ndoo haigongwi. Kimya tu. Nikabisha: uko salama? Akajibu mbio mbio, "Nipo, nipo," kama mtoto aliyefumwa anaramba sukari.

Nimepita duka la dawa nikitoka kazini. Muuzaji akaniuliza, anaharisha au amefunga choo? Nikamwambia sijui, tumeoana juzi, sijathubutu kumuuliza. Yule mama amecheka hadi kichwa kikalala juu ya kaunta! Kanipa chupa ya dawa ya kutuliza tumbo, kijiko asubuhi kijiko jioni.

Maskini mpenzi wangu. Anavumilia kimya kimya.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu yangu jamani!

Nimempelekea dawa kwenye kijiko, nimekinga mkono chini isidondoke. Akaitazama. "Ya nani hiyo?" Ya tumbo lako. "Tumbo langu limefanya nini?" Nikamwambia asijitie ushujaa, nimeshajua, mtu hakai bafuni namna ile bila sababu.

Akashika kichwa. Halafu akasema, kama anayekiri kosa, kwamba anasali.

Bafuni! Nimemwambia wenzio wanapanda milimani, wewe fundi bomba hata Mungu unamwita chooni. Akasema Yesu alisema uingie chumbani ufunge mlango, na katika nyumba hii mlango unaofungwa na komeo ni huo mmoja. Tumecheka sana. Amefanya hivyo tangu ujana wake, anasema, kwao walikuwa wengi nyumba nzima, bafuni ndiko mtu alikopata kuwa peke yake.

Kisha nikauliza — na sikujua swali lina mwiba mpaka lilipotoka — kwani jioni si tunasali pamoja?

Akasema, "Ile ni yetu. Hii ni yangu."

Kasema kwa upole kabisa. Akanibusu kwenye paji la uso, akachukua mkoba wake wa spana, akaenda. Nami nimebaki na kijiko mkononi.

Yangu? Yake ipi? Ana nini cha kumwambia Mungu ambacho hawezi kukisema mbele yangu? Mimi namwambia kila kitu, hata ndoto. Nimeshinda nalo kutwa. Najijua jinsi nilivyo: nikipenda, napenda na kivuli. Lakini hii ni mpya. Nina wivu, na mwenzangu ninayemwonea wivu ni Mungu! Nitamweleza nani?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimesikiliza mlangoni.

Nilisema nitapita tu. Nikapita. Nikapita tena. Mara ya tatu sikupita, nikasimama, sikio kwenye mbao.

Alikuwa akinong'ona. Mengine sikuyapata. Haya nimeyapata, na ningeomba nisingeyapata: "Bwana, nisaidie nimpende. Nimejaribu, kumpenda kunanishinda. Nikisikia tu hiyo sauti moyo unafunga. Nipe moyo mwingine."

Nimerudi kitandani nikajifunika shuka gubigubi.

Kumpenda kunanishinda. Nimpende nani kama si mimi? Katika nyumba hii kuna sauti ya nani kama si yangu? Naongea tangu jua linachomoza! Naongea akinyoa ndevu, naongea akitafuta soksi. Na yeye anatabasamu, kumbe moyo unafunga kama koki ya maji!

Jioni

Sikusema neno siku nzima. Aliporudi nimeitikia salamu, basi. Chakula tumekula kimya, vijiko tu ndivyo vilivyozungumza. Ananitazama. Mwisho akainuka, akafungua kabati, akaja na ile chupa ya dawa ya tumbo, amemimina kijiko kimejaa, amekinga mkono chini. "Bi Harusi, tumbo?"

Siku nyingine ningecheka hadi nianguke. Nimeinywa. Chungu.

Kisha tukapiga magoti kama kawaida. Tunakushukuru, utulinde, utubariki. Amina haikutoka. Sijui kama aliona.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nimeharibu pazia. Pazia la sebule ya mteja, kitambaa kizito, na mimi nimeshona bitana upande wa mbele! Upande mzuri umetazama ndani, mgongo umetazama watu. Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani sijawahi.

Mwenye karakana tunamwita Bi Mkasi, na si kwa sababu ya mkasi alio nao shingoni. Ni ulimi. Akalinyanyua pazia, akaligeuza, akaniuliza kama mteja atakaa nje dirishani ili alifaidi. Wenzangu wakacheka. Lakini akaja kukaa nami tufumue pamoja, yeye pindo hili, mimi lile. Akauliza, mumeo kakupiga? Hapana! Kakunyima? Hapana, Bi Mkasi, jamani. Basi nini?

Siwezi kumwambia mtu siri ya chumbani. Nikamwambia tu kwamba jana nimeshindwa kusali.

"Mlishindwa au ulishindwa?"

Nikamwambia tunasali pamoja kila jioni, yeye anasema, mimi naitika.

"Na wewe peke yako?"

Nikaendelea kufumua.

Akasema, huku anang'oa nyuzi kwa meno, "Kumbe mnasali kwaya. Kwaya tamu, mwanangu, nami niliimba na marehemu mume wangu mpaka mwisho. Lakini ukiitwa mbele uimbe peke yako, sauti unayo? Mume hakumezei chakula. Atakumezea sala?" Kisha akaniambia nikalete roli la kitambaa stoo, na nisiharakishe.

Nikaenda. Stoo yetu ina mapazia yaliyokwisha, yananing'inia kwenye fimbo ndefu mpaka chini, mazito. Nikajipenyeza katikati yake. Giza zuri, harufu ya nguo mpya. Nikasema: Tu—

Sikuendelea. Tunakuomba... sisi nani? Niko peke yangu! Ulimi umezoea "tu" kama mguu uliozoea kiatu. Nikajaribu tena. Utu— Hapana. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau jina lake mbele ya karani.

Kisha likatoka moja dogo: Naogopa.

Nikalia. Naogopa, naogopa, naogopa asiponipenda. Nikamwambia Mungu yote, hata la kusikiliza mlangoni, hata la kumwonea wivu Yeye. Hayo ya mwisho nadhani yalimchekesha. Nikamwambia nilitaka mume wangu anitoshe kwa kila kitu, awe mume, awe rafiki, na sala yangu awe yeye; na mtu mmoja, hata awe mzuri vipi, utamtwika mizigo mingapi? Hakuna sauti iliyonijibu. Hakuna mwanga. Mapazia yalining'inia vile vile. Lakini nilipotoka kifua kilikuwa chepesi, na nilijua nitakachofanya: nitamuuliza. Naweza kuuliza na naweza kusikia jibu, lolote.

Roli la kitambaa nimelisahau. Bi Mkasi akaniona mikono mitupu, akasema, "Afadhali."

Jumapili, 12 Oktoba

Loo! Loo! Niandike taratibu.

Tumerudi kanisani. Nikamwambia akae. Nikamwambia nilisikiliza mlangoni Ijumaa na sina kisingizio. Nikamwambia nilichosikia, neno kwa neno, na kwamba nikitakiwa kunyamaza zaidi nitajitahidi, lakini aniambie ukweli.

Kwanza hakuelewa. Akarudia polepole: nisaidie... nimpende... Kisha macho yakamtoka. "Wewe?" Akaanza kucheka. Amecheka hadi akakaa juu ya ndoo, ndoo ikapinduka, akakaa sakafuni anaendelea kucheka, machozi yanamtoka. "Kukupenda wewe kunanishinda? Mimi nashindwa kuacha kukupenda nizibue masinki ya watu!"

(Nimeliandika ili nilisome nikiwa bibi kizee.)

Basi ni nani? nikauliza. Kicheko kikaisha.

"Baba yako."

Sikujua. Siku ya harusi, mlangoni mwa kanisa, mimi nilikuwa chini kwenye ngazi, mpiga picha ananigeuza geuza na shela. Yeye akamfuata Baba, akamnyoshea mkono. Baba akautazama ule mkono, akasema kwa sauti watu wasikie, "Hiyo imetoka kuzibua wapi?" Akatia yake mfukoni. Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kwa sababu ungefanya nini, umevaa suti na ua kifuani?

Na kila Jumapili simu ikilia, ile sauti ya Baba ikijaa chumbani, mkono ule unarudi kumwaka moto. Anatoka nje kukagua mita ya maji. Mimi nilidhani anapenda mita!

Herufi moja tu. "Nimpende." Huyo "m" anaweza kuwa mtu yeyote duniani, na mimi nikajiweka mwenyewe.

Baba amepiga saa hizo hizo. Sikuweza kupokea. Nimeiacha ikalia mpaka ikanyamaza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nina furaha na nina hasira. Furaha kwamba napendwa. Hasira na Baba! Na mume wangu naye kidogo. Nimemuuliza kwa nini hukuniambia mimi, mkeo?

Akasema, "Ningekuambia wewe ungempigia kelele mzee. Nikamwambia Asiyepiga kelele."

Ni kweli, kelele nilikuwa nazo, zimeshapangwa mstari.

Akasema pia kwamba ameniona natamani kwenda nyumbani, na hataki kwenda huku amebeba jiwe, akae mezani kwa mzee akitabasamu kwa meno. Ndiyo maana tutakwenda, tutakwenda. Alikuwa anaomba kwanza apate moyo wa kwendea. Hakuwa ananikwepa, alikuwa ananitengenezea njia! Na mimi nilikuwa nje ya mlango, namwonea wivu.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumejenga chumba!

Kati ya kabati na ukuta kuna nafasi ya mtu mmoja, zamani tulitia ufagio na pasi. Bi Mkasi amenipa vipande vilivyobaki vya kitambaa kizito, rangi tatu tofauti, nikaviunga. Bitana nimeweka upande sahihi, nimekagua mara mbili. Fimbo tulikuwa hatuna. Mume wangu akakata kipande cha bomba, akakifunga ukutani kwa vishikio vyake vya kazini, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Ndani kuna mto wa kupigia magoti, basi. Pindo limekuwa fupi kidogo, kitambaa hakikutosha.

Sheria: aliyemo ndani haitwi, hata chakula kikiungua. Na hakuna kusikiliza. (Alinitazama aliposema hilo.)

Yeye amezindua. Nikasikia — bila kusikiliza! — kimya, kisha mkoromo. Amelala humo fundi wa watu! Nimefunika mdomo kwa mikono miwili nisimwamshe.

Kisha zamu yangu. Nilitaka kumsemea Baba vibaya mbele za Mungu. Nimeanza vizuri kabisa, mashtaka yote. Lakini ukiwa peke yako mle ndani, hakuna wa kukushangilia, na hasira bila mshangiliaji inachoka upesi. Nikamkumbuka Mama. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa, nyumbani alikuwa mgeni. Nikiwa mdogo nililala na Mama upande wa Baba wa kitanda. Baba alipokuja kusikia naolewa na fundi bomba aliniambia, "Huyo ni mtu wa kuitwa saa yoyote. Utakaa peke yako." Nilidhani ni dharau tu. Labda kuna dharau. Lakini labda ni Mama aliyemwona, si mimi.

Sijasema nimemsamehe. Nimesema tu: nisaidie nimpende. Nimeiba sala ya mume wangu, na safari hii najua "m" ni nani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Simu alfajiri: bomba kuu limepasuka kwenye jengo la ghorofa, maji yanashuka ngazi. Mume wangu ameruka na kiatu kimoja mkononi. Hata busu hakunipa, amelitupa hewani kutoka mlangoni.

Basi hivi ndivyo alivyosema Baba. Nimekaa peke yangu na chai ya watu wawili. Nikangoja nione kama nitahuzunika. Nikaingia nyuma ya pazia. Nasema "ni" siku hizi bila kujikwaa: ninakushukuru, ninakuomba, ninampenda. Nilipotoka chai ilikuwa imepoa na nikainywa yote, vikombe viwili.

Amerudi mchana amelowa hadi masikioni. Ananuka kutu. Nimemkumbatia vile vile. Jioni tukasali pamoja, na nikamwambia leo naanza mimi. Aliitika amina kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta!

Jumapili, 19 Oktoba

Simu imelia tukiwa bado na nguo za kanisani. Baba. Mume wangu akanyanyuka kama kawaida, mita. Kisha akarudi, akakaa. Akanionyesha kwa kidole: weka sauti kubwa, nami nisikie.

Baba akaanza na goti. Akauliza mbona Jumapili iliyopita sikupokea. Nikamwambia, nilikuwa nimekasirika, Baba. Nikamwambia nimesikia ya mlangoni mwa kanisa. Nikaangalia kama simu imekatika. Nikamwambia sikupigi kelele. Nataka tu tuje.

"Mje?" akasema. "Wewe na nani?"

"Mimi na mume wangu."

Akakohoa. Nikamtazama mume wangu. Ameweka mikono yake miwili juu ya magoti, wazi, anaitazama. Nilitaka kuibusu papo hapo.

Baba akasema kuna mtu anapiga hodi mlangoni. Uongo, angesikika anayebisha. Kisha, kabla ya kukata, mtandao unakatakata, akasema neno moja.

Mimi nimesikia "njooni". Naapa. Njooni, watu wawili.

Mume wangu anasema mzee amesema "njoo". Njoo, wewe binti yangu, peke yako.

Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia masikio yangu yamezoea kazi, hata yeye anajua. Akasema ndiyo, na juzi yalisikia nini? Tukacheka. Lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Akaniuliza, na kama ni njoo? Nikamwambia kama ni njoo, siendi bila wewe. Akatikisa kichwa. "Kama ni njoo, twende wawili vile vile. Nitasimama mlangoni. Nitanyosha mkono tena."

Je, Baba akiutia wake tena mfukoni? nikauliza.

Akafungua pazia akaingia.

Yumo humo mpaka sasa. Visigino vyake naviona chini ya pindo. Sisikilizi. Naimba kimoyomoyo nisije nikasikia kwa bahati mbaya. Chochote anachosema humo ni chake, na namshukuru Mungu kwamba ana pa kukisemea, maana mimi nisingeweza kumpa alichokifuata.

Nimechukua simu nikamwandikia Baba kabla ujasiri haujaniishia. Hajajibu bado. Nimeandika maneno machache, na nimeyakagua mara mbili kila herufi iwe mahali pake: Baba, tutakuja. Sisi wawili. Kabla mwezi huu haujaisha.